Kisa cha Mwenzio na Kidonge Chako

Mazungumzo kwa watumiaji wa dawa za muda mrefu, juu ya wasiwasi unaoletwa na kusoma makundi ya wagonjwa mtandaoni

Nimetumwa na Mamlaka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halionekani kuwa la ofisi ya udhibiti wa dawa. Kazi yetu inajulikana: kusajili dawa, kukagua viwanda na maduka, kupima sampuli maabara, kuondoa sokoni kisichofaa. Wasiwasi wa mtu aliyekaa kitandani saa nane ya usiku akisoma simu haukaguliwi wala haupimwi maabara. Hata hivyo wasiwasi huo una mwisho mmoja unaotuhusu moja kwa moja. Asubuhi yake, kidonge kilicho salama, kilichosajiliwa na kulipiwa, hubaki ndani ya boksi lake. Dawa nzuri isiyomezwa haimsaidii mtu, na hakuna ukaguzi wa duka unaoweza kulirekebisha hilo.

Nataka kwanza kuyatendea haki makundi yenyewe, kwa sababu mazungumzo ya namna hii yana mazoea mabaya ya kuanza kwa kuyalaani. Mtu mwenye kifafa, ambaye nyumbani kwao jina la ugonjwa wake halitamkwi mbele ya wageni, akiingia katika kundi la WhatsApp la watu mia mbili wenye kifafa hupata kitu ambacho hospitali haikumpa, nacho ni wenzake. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu hujifunza kwa mzazi mwingine jinsi ya kuyawahi maumivu kabla hayajapamba moto. Mwenye kisukari anayeishi pasipo na umeme huambiwa namna ya kuihifadhi insulini katika chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji, elimu iliyo sahihi ambayo daktari mwenye jokofu ofisini huenda asiikumbuke. Kliniki yenye foleni ndefu humpa mgonjwa dakika chache. Kundi humpa usiku kucha. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mjitoe. Nimekuja kuzungumza juu ya namna ya kusoma.

Tumchukulie mama mmoja, wa kubuni, ingawa huenda mkamtambua. Ana umri wa miaka 58, anauza vitenge sokoni. Mwezi uliopita alipimwa shinikizo la damu kwa siku tatu tofauti, likaonekana liko juu mara zote, akaandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Hakuwa anaumwa popote, na hilo ndilo lililomfanya aione dawa kuwa kitu kigeni zaidi kuliko ugonjwa. Binti yake, kwa nia njema, akamwunga katika kundi la wagonjwa wa presha. Usiku wa kwanza akasoma kwamba mtu fulani amevimba miguu. Usiku wa pili akasikiliza ujumbe wa sauti wa mwanamke anayelia: mumewe alimeza dawa za presha miaka sita, na sasa figo zimekufa. Wa tatu mtu akaandika kwamba ukishaanza vidonge hivi huviachi mpaka kaburini. Usiku wa nne moyo wa mama huyu ulikuwa ukienda mbio, kichwa kikigonga, miguu anaiona mizito. Asubuhi hakumeza.

Katika kundi lile hakuna aliyemdanganya. Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu maonyo mengi tunayoyasikia juu ya mitandao huhusu uongo, na mama huyu hakudhurika kwa uongo. Kuvimba vifundo vya miguu ni mojawapo ya maudhi yanayojulikana ya amlodipini. Daktari akiambiwa, hupunguza dozi au hubadilisha dawa. Figo za yule bwana zilikufa kweli. Lakini shinikizo la damu lenyewe, lisipotibiwa au likitibiwa kwa kuchelewa, huharibu figo, na mtu aliyekuwa na ugonjwa pamoja na dawa kwa miaka sita hawezi kujua, kwa kukaa tu na kukumbuka, ni kipi kati ya viwili hivyo kilichomdhuru. Mke wake alikuwa na uchungu, na uchungu hutafuta wa kulaumiwa aliye karibu. Kidonge kilikuwa karibu. Ama lile la kumeza mpaka kaburini, kwa wagonjwa wengi ni kweli, kama vile mwenye macho dhaifu anavyovaa miwani mpaka kaburini bila kuichukulia miwani kuwa adui yake.

Kila kisa, basi, kilikuwa na ukweli ndani yake. Kilichokosekana ni namba ya chini. Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina namba mbili, ya juu ikiitwa kiasi na ya chini ikiitwa asili. Ukiambiwa kuwa watu sita wamedhurika, umepewa kiasi peke yake. Sita katika kumi ni balaa. Sita katika watu elfu sitini ni jambo jingine kabisa. Kundi la wagonjwa, kwa umbile lake, hutoa namba ya juu na halina njia ya kutoa ya chini, kwa kuwa hakuna mtu anayeamka asubuhi na kuandika: leo nimemeza dawa yangu, sikuona kitu, naenda kufungua duka. Aliye mzima hana la kusimulia, na wengi wa walio wazima hata kundini hawamo.

Fikirini Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam, wenye viti 60,000, siku ya mechi ya watani wa jadi, umejaa pomoni. Kila aliyeketi anatumia dawa fulani ile ile, na dawa hiyo ina dhara moja linalompata mtu mmoja katika kila watu elfu kumi. Uwanjani hapo wamo watu sita wa namna hiyo. Ukiwatafuta kwa macho hutawaona. Lakini wape sita hao simu, uwaweke katika kundi moja, kisha mwingize mgeni usiku: atasikia sauti sita mfululizo zikisema neno moja, naye ataamini kwamba uwanja mzima unaungua. Sisemi kwamba sita si watu. Nitarudi kwao baadaye, maana ofisi yetu ipo kwa ajili yao. Nasema tu kwamba mgeni huyo hana njia ya kuuona uwanja.

Namba ya chini ipo mahali pamoja ambapo wengi wetu hatupasomi: kile kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi ndani ya boksi la dawa. Ni kweli kwamba hicho nacho hutisha. Mtu hukifungua akakuta orodha ya maradhi kuanzia kichwa kuuma mpaka moyo kusimama, akakikunja upesi. Lakini orodha ile ina mpangilio, na maneno yake yana maana maalumu ambayo watengenezaji hawachagui wapendavyo. Kinaposema kwamba jambo ni la kawaida sana, maana yake humpata angalau mtu mmoja katika kila kumi. Kinaposema la kawaida, ni mtu mmoja mpaka kumi katika mia. Lisilo la kawaida ni mmoja mpaka kumi katika elfu. Nadra ni mmoja mpaka kumi katika elfu kumi, na nadra sana ni pungufu ya mmoja katika elfu kumi. Vikaratasi vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za kuchosha macho, basi mpelekee mfamasia umwombe akusomee mambo mawili: lile ulilolisikia kundini limeandikwa wapi katika orodha, na ukilipata ufanye nini. Ni ombi halali kabisa. Kumweleza mteja matumizi na maudhi ya dawa ni sehemu ya kazi yake, wala si hisani anayokufanyia.

Sasa niingie katika sehemu iliyo ngumu zaidi kueleza, nami naomba msinielewe vibaya. Yule mama, usiku wa nne, alikuwa na dalili za kweli. Moyo ulienda mbio kweli, kichwa kiligonga kweli. Swali ni nani aliyezileta.

Mwaka 2007, huko New Zealand, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vidonge vya thairoksini ilihamisha utengenezaji kutoka Kanada hadi Ujerumani. Thairoksini ni dawa wanayomeza watu ambao tezi yao ya shingoni haitoi homoni ya kutosha. Kiini cha dawa kilibaki kile kile. Kilichobadilika ni viambato vya kushikilia kidonge, pamoja na rangi: kilikuwa cha manjano, kikawa cheupe. Kabla ya hapo, kwa muda wa miaka 30, taarifa za madhara ya dawa hiyo zilizofikishwa katika nchi ile zilikuwa 14. Katika miezi 18 baada ya vidonge vyeupe kuingia, zilizidi 1,400. Vidonge vilipimwa na kukutwa na kiasi sahihi cha dawa. Watu walikuwa wamezungumza wao kwa wao mtandaoni, magazeti yakadaka, televisheni ikafuata. Watafiti waliozichambua taarifa hizo baadaye waliona kwamba dalili zilizotajwa katika habari za televisheni ndizo zilizoongezeka zaidi katika taarifa zilizofuata, kuliko dalili ambazo hazikutajwa. Wako wachache ambao wakibadilishiwa vidonge vya thairoksini huhitaji kupimwa damu upya na kurekebishiwa dozi, na ni haki yao kusikilizwa. Lakini wachache hao hawatoshi kueleza kupanda kutoka 14 hadi 1,400.

Wataalamu wana jina la jambo hili. Wanaliita nosebo, neno la Kilatini lenye maana ya nitadhuru, na limetumika katika tiba tangu 1961. Ni ndugu wa plasebo, kile kidonge kisicho na dawa ambacho mtu humeza akapata nafuu kwa kuwa ameitarajia. Nosebo ni upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo: ukitarajia madhara, mwili huyatafuta, na mara nyingi huyapata. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nadhani hawakukusudia vidonge, lakini methali imelifikia jambo lenyewe kwa karibu sana.

Jaribio moja limelionyesha hili kwa namna ambayo mimi binafsi sijaona nyingine iliyo wazi kuishinda. Lilifanyika London katika chuo cha Imperial, na matokeo yakachapishwa 2020. Walichukuliwa watu 60 waliokuwa wameacha kumeza statini, dawa ya kupunguza lehemu katika damu, kwa sababu ya maudhi yaliyowashinda. Kila mmoja alipewa chupa 12 za miezi 12. Chupa nne zilikuwa na statini, nne zilikuwa na vidonge visivyo na dawa yoyote, na nne zilikuwa tupu, mwezi usio na kidonge. Zenye vidonge hawakuweza kuzitofautisha. Kila siku waliandika katika simu ukali wa maudhi yao, kuanzia sifuri mpaka mia. Katika miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8. Katika miezi ya statini ulikuwa 16.3. Na katika miezi ya vidonge visivyo na dawa? Ulikuwa 15.4. Kwa hesabu hiyo, sehemu tisa katika kumi za mateso yao zilitokana na kumeza kidonge wakihofu, na si kilichokuwa ndani ya kidonge. Baada ya kuonyeshwa namba zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Naomba mtazame vizuri jaribio hilo lilichosema. Halikuwaambia watu wale kwamba wanajisingizia. Maumivu yao yalikuwa maumivu, na waliyaandika siku kwa siku. Mtu anayeambiwa na ndugu zake kwamba ni mawazo yako tu hapati nafuu. Hupata aibu, kisha hunyamaza, kisha huacha dawa kwa siri. Jaribio liliwaambia jambo lenye manufaa zaidi, kwamba chanzo kilikuwa mahali pengine tofauti na walipokuwa wakikitafuta, na kwamba mahali hapo panaweza kushughulikiwa.

Kwa wenye presha kuna mtego wa ziada, na kwa kuwa wengi wenu hapa mna kipimo nyumbani, nitaukalia kidogo. Mtu anasoma ujumbe wa kutisha, anainuka, anajifunga mkanda mkononi, anapima. Hofu hupandisha shinikizo la damu kwa muda. Hivyo ndivyo mwili unavyojiandaa kwa hatari. Kwa hiyo kipimo kinasoma juu. Anaogopa zaidi, anapima tena baada ya dakika mbili, kimepanda. Mara ya tano ameshaamini kwamba dawa haifanyi kazi, au kwamba dawa ndiyo inayompandisha. Kipimo hakikukosea na mashine si mbovu. Kilichopimwa ni hofu pamoja na ugonjwa, vikiwa vimechanganyika. Shinikizo linalomsaidia daktari kuamua ni lile la mtu aliyetulia: umeketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kupandana, mkono umelazwa usawa wa moyo, hujanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita, huzungumzi. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, asubuhi na jioni, uandike zote mbili katika daftari, kisha ufunge mashine. Namba iliyopatikana saa nane ya usiku ukiwa na simu mkononi haina kazi katika daftari hilo.

Nilisema nitarudi kwa wale sita wa uwanjani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya usingizi na kichefuchefu iitwayo thalidomaidi iliuzwa katika nchi nyingi kama dawa salama, hata kwa wajawazito. Mwaka 1961 daktari mmoja Ujerumani, Widukind Lenz, na mwingine Australia, William McBride, kila mmoja kwa upande wake, waliona watoto wakizaliwa na mikono na miguu isiyokamilika, wakahusisha jambo hilo na dawa waliyomeza mama zao. Walikuwa sahihi. Watoto zaidi ya elfu kumi duniani waliathirika kabla dawa haijaondolewa. Kutokana na msiba huo, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa kutoka nchi mbalimbali, na leo hazina yake iliyoko Uppsala, Sweden, ina taarifa zaidi ya milioni 30. Nchi yetu imo.

Nawakumbusha hayo ili mtu asitoke hapa akidhani nimesema visa vya wagonjwa ni upuuzi. Kisa cha mtu mmoja ndicho mwanzo wa kila kitu tunachokijua juu ya madhara ya dawa. Tofauti ni mahali kinapopelekwa. Kikiachwa kundini, kinazunguka, kinatisha watu mia mbili, na hakuna anayekihesabu. Kikiletwa kwetu kinawekwa pamoja na vingine, kinalinganishwa na idadi ya watumiaji, na pale vinaporundikana isivyo kawaida ndipo tunapochukua sampuli, kuonya au kuiondoa dawa sokoni. Ile namba ya chini iliyokosekana kundini hupatikana kwa njia hiyo. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuleta taarifa. Si lazima daktari aandike kwa niaba yake. Wala hahitaji kuwa na uhakika au ushahidi, kwa maana shaka peke yake inatosha, na kupambanua ni kazi yetu. Tunachohitaji ni jina la dawa na namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye boksi, siku ulipoanza kuitumia, siku dalili ilipoanza, na vitu vingine vyote ulivyokuwa ukitumia, mitishamba ikiwemo. Watu huificha mitishamba kwa kuogopa kugombezwa. Hatumgombezi mtu, tunataka kujua.

Sasa, kusoma kwenyewe. Simu nyingi zinaruhusu kunyamazisha arifa za kundi bila kujitoa na bila kumwudhi yeyote. Fanya hivyo leo, ili uwe wewe unayeingia kundini kwa wakati wako, si kundi linaloingia chumbani kwako. Wakati huo uwe wa mchana. Usiku mtu yuko peke yake, hana wa kumwuliza, duka la dawa limefungwa, na kila mapigo ya moyo yanasikika. Habari ile ile iliyokutoa jasho saa nane ya usiku, ukiisoma saa nne asubuhi ukiwa na kikombe cha chai, huwa ni ujumbe wa mtu anayeumwa miguu.

Ukikutana na kisa kilichokushika, usikipitishe kwa wengine kabla hujamwuliza aliyekiandika maswali ambayo hata daktari angeyauliza: ni dawa ipi hasa na dozi gani, ulikuwa na maradhi gani mengine, dalili ilianza siku ngapi baada ya kuanza dawa, na ulipomwona daktari alisemaje. Utashangaa mara ngapi jibu la swali la mwisho ni kwamba hajamwona. Pengine utagundua kwamba kisa si chake, ni cha jirani wa shemeji yake. Maswali haya hayamdharau mtu. Mara nyingi aliyeandika alikuwa anangoja tu mtu mmoja amwulize.

Kwa wanaoviongoza vikundi hivyo, na najua baadhi yenu mko hapa, nina ombi moja lisilohitaji fedha: wekeni kanuni kwamba hakuna kumshauri mwenzio aache au abadili dozi, na hakuna kuuza. La kuuza nalisisitiza kwa sababu ofisi yetu imeliona mno. Mtindo wake haubadiliki. Kwanza kinawekwa kisa cha kutisha kuhusu vidonge vya hospitali, kisha mtu wa pili anaibuka kusema kwamba yeye aliviacha na sasa ni mzima, kisha wa tatu anauliza ulitumia nini, kisha linatokea jina la unga au mafuta fulani pamoja na namba ya kutumia pesa. Mara nyingine watu hao watatu ni mtu mmoja mwenye laini tatu. Hofu yako ndiyo bidhaa ya kwanza anayoitengeneza. Unga ni ya pili. Ukiona mlolongo huo, tuletee picha ya mazungumzo. Anayetangaza kwamba kitu kinaponya presha, kisukari au kifafa moja kwa moja anatuhusu kisheria.

Aliyekwisha kuumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka, na simlaumu mtu kwa kushtuka. Ninachoomba ni kwamba kati ya kushtuka na kuacha dawa pawepo na mtu mmoja wa afya aliyeulizwa. Zipo dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko maudhi yake. Mwenye kifafa anayeacha dawa kwa siku moja anaweza kupata degedege mfululizo. Baadhi ya dawa za moyo na presha, kama atenololi na propranololi, zikikatwa ghafla huweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu. Dawa ambayo kweli haikufai hubadilishwa, na zipo nyingine. Lakini hubadilishwa kwa mpango.

Kuna mambo ambayo hayangoji mpango wala swali. Midomo, ulimi au uso ukivimba baada ya kumeza dawa, pumzi ikibana, ngozi ikitoka malengelenge au ikichubuka pamoja na vidonda mdomoni, macho yakigeuka manjano, ukizimia, kifua kikikaba, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usiandike kundini kuuliza nani amewahi kupata hali hii. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na ubebe boksi la dawa mkononi. Kadhalika, usijiambie kwamba kijana wa Mamlaka alisema ni hofu. Hofu haivimbishi ulimi.

Na hofu yenyewe nayo inaweza kuwa ugonjwa. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi huwezi kulala, huwezi kula vizuri, unaangalia simu kila baada ya dakika chache ukitafuta dalili mpya, au kazi imekushinda kwa sababu ya kuwaza, mweleze mhudumu wa afya jambo hilo kwa jina lake: nina wasiwasi usionitoka. Lisifichwe nyuma ya malalamiko ya kichwa na mgongo, kwa sababu utapewa dawa ya kichwa na mgongo. Kuna msaada wa mazungumzo na, pale inapobidi, wa dawa, na mtu aliyehitaji msaada huo hana tofauti na aliyehitaji amlodipini.

Yule mama wa vitenge, kama angekuwa hapa, ningemwomba mambo machache tu. Arudi kliniki wiki hii hata kama tarehe yake haijafika, amwambie muuguzi wazi kwamba siku kadhaa hakumeza na kwa nini, aonyeshe miguu yake, na aje na daftari la vipimo vya asubuhi na jioni. Kundini abaki, kwa kuwa amekwisha kupata mwenzake wa soko la pili wanayepigiana simu, na hilo ni la thamani.

Fomu za taarifa za madhara ya dawa ziko juu ya meza ile karibu na mlango, pamoja na kalamu. Vikaratasi vya dawa mlivyokuja navyo tutavisoma pamoja baada ya chai. Anayehitaji kuandikiwa aniite, nipo mpaka saa nane.